Kingo Mbili za Mto Mara: Historia ya Halmashauri za Tarime na Serengeti

Mto Mara unazaliwa kwenye vinamasi vya milima ya Mau nchini Kenya, unapita katika mbuga ya Maasai Mara, unavuka mpaka wa nchi na kuingia kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha unageuka kuelekea magharibi. Watalii wanaufahamu hadi hapo tu, pale Kogatende nyumbu wanapojitosa majini kwa maelfu. Sisi wa mkoa wa Mara tunauchukua kuanzia hapo wanapouacha. Unatoka hifadhini na kuwa mto wa wakulima, wafugaji na wachimba dhahabu. Ukifuata maji yaendako, mkono wa kulia ni Tarime, nchi ya milima, migomba, kahawa na mashamba ya mahindi yaliyobebana hadi vileleni. Mkono wa kushoto ni Serengeti, nchi ya tambarare, ulezi, mtama, pamba na makundi ya ng'ombe, na kila uendapo mashariki unakutana na mpaka wa wanyama. Mbele kabisa mto unamwaga maji yake kwenye kinamasi kikubwa, unapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma.

Kingo hizi mbili leo zina halmashauri zake. Zaidi ya miaka arobaini imepita tangu serikali za mitaa zirudishwe nchini mwaka 1984, na muda huo unatosha kuuliza zimefanya nini. Lakini historia ya halmashauri hizi haiwezi kuanzia mwaka huo. Wilaya ni mipaka kabla ya kuwa ofisi, na karibu kila mpaka wa Tarime na Serengeti ulichorwa na mtu ambaye hakuwahi kulala hapa hata usiku mmoja. Mstari wa nchi, mstari wa hifadhi, mstari wa leseni ya mgodi, mstari wa wilaya yenyewe: wananchi waliikuta yote imekwisha chorwa. Kazi ngumu ya halmashauri, tangu siku ya kwanza, imekuwa kuwatumikia watu ndani ya mistari ambayo halmashauri yenyewe haikuulizwa.

Kabla ya mistari hiyo palikuwa na utawala, na ulifanya kazi. Upande wa kaskazini Wakurya waliishi kwa koo, kila ukoo na ardhi yake: Wakira, Wanchari, Watimbaru, Wanyabasi, Wairege, Wakenye, Wanyamongo, Warenchoka, Wasweta na wengine. Hapakuwa na mfalme. Palikuwa na marika ya vijana na wazee waliotahiriwa pamoja, na palikuwa na mabaraza mawili ambayo hadi leo mtu wa Tarime anayajua vizuri kuliko ajuavyo kanuni za kudumu za halmashauri. La kwanza ni ritongo, mkutano wa wazi ambako kosa linasemwa mbele ya watu na kila mtu mzima ana haki ya kunena. La pili ni inchama, baraza la siri la wazee wachache, lenye neno la mwisho katika mambo ya mila, tohara na laana. Upande wa kusini Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa na taratibu zinazofanana, nao waliishi jirani na Wataturu wafugaji, ambao waganga wao wa mvua waliheshimiwa na makabila yote ya huku. Watu hawa waliwinda, walilima na kuchoma nyika kwa majira. Nchi ambayo baadaye iliitwa pori tupu ilikuwa na majina ya vilima, visima na makaburi.

Mstari wa kwanza ulichorwa Ulaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mpaka wa maeneo yao utatoka pwani, uzunguke Kilimanjaro na kwenda moja kwa moja mpaka ukingo wa ziwa, kwenye digrii moja kusini ya ikweta. Mstari huo ulipita katikati ya Wakurya. Ndugu wa ukoo mmoja, Wakira kwa Wakira, Wairege kwa Wairege, wakajikuta hawa Kenya na hawa Tanganyika. Hadi leo mtu wa Sirari anavuka barabara kwenda kumjulia hali shangazi yake Isebania, na kwa hesabu ya serikali amesafiri nje ya nchi. Miaka ile ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, njaa ikafuata, na Wajerumani wakakuta watu waliochoka. Walijenga kituo Shirati kando ya ziwa na ngome Ikoma, na kutoka hapo wakatoza kodi na kuteua watemi pale ambapo hapakuwa na mtemi.

Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza utawala huo kupitia machifu. Walipanga eneo lote chini ya Musoma, na baadaye wakaligawa kwa kufuata mto: Mara Kaskazini yenye makao Tarime, na Mara Kusini yenye makao Musoma. Hapo ndipo Tarime ilipopata boma. Palikuwa na baridi nzuri na udongo mzuri, na palikuwa karibu na mpaka kiasi cha kuweza kuwaangalia wezi wa mifugo waliovuka huku na huko. Jina la Mara Kaskazini halikufa. Lilirudi baada ya miongo kadhaa kwa Kiingereza, likiwa jina la mgodi.

Mstari mwingine mkubwa ulikuja mwaka 1951, ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1959 mipaka ikapangwa upya, Ngorongoro ikatengwa na hifadhi, na katika miaka ya 1960 eneo la Lamai, kaskazini ya Mto Mara, likaongezwa. Leo hifadhi ina kilomita za mraba 14,763, na tangu 1981 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa dunia, hiyo ni habari njema, na mimi ni mmoja wa wanaoamini hivyo. Lakini Waikoma, Wanata na Wakurya wa Lamai walipoteza mashamba, malisho na mawindo, na babu aliyekuwa mwindaji hodari wa kijiji akaamka siku moja akiwa jangili. Hakuna diwani wa Serengeti au wa kata za mashariki mwa Tarime ambaye hakurithi kesi hiyo.

Uhuru ulileta mabadiliko ya haraka. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na katika miaka hiyo hiyo Jimbo la Ziwa liligawanywa, mkoa wa Mara ukazaliwa. Halmashauri za wilaya za wakati huo zilijenga shule, zahanati na barabara kwa kodi ndogo na makosa mengi. Mwaka 1972 zikafutwa zote kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, ila yalikwenda kwa watumishi waliotumwa kutoka juu, na diwani aliyechaguliwa na jirani zake akaondoka mezani.

Ni katika kipindi hicho, katikati ya miaka ya 1970, ambapo wilaya ya Serengeti iliundwa kwa kumega Tarime na Musoma, makao yakawekwa Mugumu. Jambo hili halitajwi sana, nami naona lina uzito: Serengeti ilizaliwa wilaya bila halmashauri. Kwa miaka yake ya kwanza wananchi wake waliijua serikali kwa sura ya mkuu wa wilaya, na kwa sura ya lori la Operesheni Vijiji lililowahamisha mwaka 1974 kutoka maboma yaliyotawanyika hadi vijiji vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka. Wengine walihamishiwa mahali pa maji na shule, wakashukuru baadaye. Wengine waliacha mashamba yenye rutuba, na pori lililobaki nyuma yao likazidi kuwa la wanyama. Wakati huo huo wahamiaji wa Kikurya walikuwa wanavuka mto kwenda kusini kutafuta ardhi. Tarafa ya Rogoro ilijaa, na Mugumu ikawa mji wa mchanganyiko: Mkurya, Mngoreme, Mwikoma, Mtaturu, Mjaluo na Msukuma kwenye soko moja.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ndiyo iliyorudisha halmashauri za wilaya, na mwaka 1984 zikaanza kazi. Tarime ilirudi ikiwa na kumbukumbu ya baraza la zamani. Serengeti ilianza upya kabisa, na tarafa zake nne za Rogoro, Ikorongo, Grumeti na Ngoreme. Fedha zilikuwa za kuokoteza: ushuru wa mazao, ushuru wa mnada wa ng'ombe, leseni za maduka, na kodi ya maendeleo ambayo wananchi waliiita kodi ya kichwa. Wazee wanaikumbuka kodi ile kwa uchungu. Mgambo waliziba njia asubuhi ya siku ya soko, na asiye na stakabadhi alifungwa kamba hadi ofisi ya kata. Serikali iliifuta mwaka 2003, watu wakashangilia. Halmashauri nazo zikapoteza chanzo zilichokuwa nacho mkononi na kuanza kusubiri ruzuku kutoka Hazina.

Anayetaka kuona halmashauri ilivyo asiende ukumbi wa madiwani kwanza. Aende mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti anakaa kwenye meza ya shule iliyotolewa nje, mtendaji amefungua daftari kubwa, wanawake wamekaa upande mmoja majanini, vijana wamesimama nyuma na pikipiki zao. Mtendaji anasoma mapato na matumizi. Mzee mmoja anasimama, anavua kofia, anauliza mifuko ya saruji ya darasa la tatu ilipokelewa na nani, na ilihifadhiwa kwa nani mvua iliponyesha. Hakuna anayemkatiza. Mtendaji kijana, mgeni kutoka mkoa mwingine, anaweza kuona huo ni ukaidi. Huo ni ritongo. Watu wa Tarime na Serengeti hawakufundishwa na semina yoyote kumhoji kiongozi hadharani, walikuwa nao utaratibu huo kabla ya boma, na pale halmashauri ilipouheshimu miradi ilikwenda. Ilipoudharau, darasa lilibaki msingi.

Miaka ya kwanza ya halmashauri ilikuwa miaka mibaya kwa usalama. Wizi wa mifugo ni wa zamani huku, lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliubadilisha. Wakurya wengi walikuwa askari tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na baada ya vita bunduki zikazagaa vijijini. Wizi uliokuwa wa fimbo na upinde ukawa wa risasi, na ng'ombe walioporwa kwa jirani wakawa biashara ya kuvuka mpaka. Koo zikapigana, nyumba zikachomwa, shule zikafungwa kwa majuma. Wananchi walijibu kwa sungusungu, ulinzi wa jadi uliotoka Usukumani na ambao serikali iliupa nguvu ya kisheria mwaka 1989. Ulisaidia sana, na mahali pengine ulizidi mipaka, watu wakapigwa bila kusikilizwa. Baadaye serikali ikaunda Kanda Maalum ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, na ni nadra nchini wilaya kuwa na kamanda wake wa polisi kama mkoa. Amani ya leo, kila ilipo, imetokana na mchanganyiko wa vyote hivyo, pamoja na wazee wa mila waliokaa chini na kumaliza visasi ambavyo mahakama ingechukua miaka kuvigusa.

Mwaka 2007 Tarime ilimegwa. Upande wa ziwani, wenye Wajaluo wengi, Wasuba na Wakurya wa tambarare, ukawa wilaya ya Rorya. Pamoja nao zilikwenda Shirati na hospitali yake, kazi ya Kanisa la Mennonite lililofika huko mwaka 1934. Baadaye mji wa Tarime nao ukapata halmashauri yake, na halmashauri ya wilaya, ambayo kwa miaka mingi ilikaa mjini pamoja na wenzake, ikalazimika kuhama na kwenda Nyamwaga. Uhamisho huo ulilalamikiwa na watumishi, lakini ulikuwa sawa. Ofisi ya wilaya ya vijijini ikae vijijini, na Nyamwaga iko hatua chache kutoka Nyamongo, mahali ambapo hoja kubwa kuliko zote za Tarime inachimbwa kila siku.

Dhahabu ya Nyamongo ilijulikana zamani, na wachimbaji wadogo waliishi nayo kwa sululu na karai. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines, ukanunuliwa na Placer Dome mwaka uliofuata, ukaingia mikononi mwa Barrick mwaka 2006, ukawa chini ya kampuni yake ya African Barrick Gold, iliyobadilishwa jina kuwa Acacia, kisha ukarudi Barrick mwaka 2019. Ndani ya miaka ishirini diwani wa kata ya Kemambo au Matongo amelazimika kujifunza majina mapya ya mwenye mgodi mara kadhaa, huku mashimo yakibaki na majina yale yale ya Kikurya: Nyabirama, Nyabigena, Gokona.

Hasara ilikuja kabla ya faida. Familia zilihamishwa, na fidia ikawa mgogoro usioisha. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara, na wanavijiji wakaripoti mifugo kufa. Vijana walioitwa "intruda" mitaani walivamia mashimo na malundo ya mawe ya mabaki kutafuta riziki, na tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano katika siku moja. Mwaka 2019 serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotoka kwenye bwawa la maji ya sumu. Haya yote yalitokea ndani ya eneo la halmashauri ambayo haikuwa na sauti kwenye leseni, kwenye mkataba wala kwenye amri ya polisi. Mwananchi aliyekasirika hakuweza kumfikia waziri wala mwenye hisa. Alimfikia diwani, akamuuliza kwa nini yupo.

Kwenye fedha mambo yalibadilika taratibu. Mikataba ya awali ya migodi mikubwa nchini ilizoea kuweka malipo ya dola 200,000 kwa mwaka kwa halmashauri, kiasi ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na dhahabu iliyotoka ardhini. Sheria ya fedha za serikali za mitaa iliweka ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, na baada ya mabishano marefu ndio msingi uliokuja kufuatwa. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliongeza kitu kikubwa zaidi: kampuni haiwezi tena kujiamulia itajenga choo gani na wapi. Mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii lazima ukubaliwe na halmashauri. Mwaka 2020 serikali na Barrick wakatia saini ubia wa Twiga Minerals, na nchi ikawa na asilimia 16 ya hisa. Kwa Tarime maana yake ni kwamba halmashauri ya vijijini, iliyokuwa ikihesabu ushuru wa magunia ya mahindi, sasa inapanga mabilioni. Hospitali ya wilaya imejengwa Nyamwaga, na madarasa, madawati, visima na barabara vimefika hata kata za milimani zisizo na chembe ya dhahabu.

Je, zimegawanywa kwa haki? Hapo ndipo baraza la madiwani linapopimwa. Kata zinazozunguka mgodi zinasema zinavuta vumbi peke yao na kugawana pesa na wote. Kata za mbali zinajibu kwamba halmashauri ni moja. Zote mbili zina hoja. Naona vijiji vya Nyamongo vinastahili kutangulizwa katika maji safi na afya, kwa sababu madhara wameyabeba wao, kisha kinachobaki kigawanywe kwa wote. Lililo baya ni mgawo unaofanywa gizani, bila takwimu kubandikwa kwenye ubao wa kata.

Kuvuka mto kwenda Serengeti ni kukutana na utajiri wa aina nyingine na ugumu unaofanana. Wilaya ina zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na sehemu kubwa mno imo ndani ya hifadhi. Ukiongeza mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994, na eneo la jumuiya ya Ikona, wananchi wanabakiwa na sehemu ndogo ya wilaya inayobeba jina maarufu kuliko yote nchini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 249,420 Serengeti, na 339,693 Tarime. Ile ya 2022 iliukuta mkoa mzima wa Mara na watu 2,372,015, kutoka 1,743,830 miaka kumi kabla. Watu wanaongezeka, ardhi haiongezeki.

Nenda Robanda, Nyichoka au vijiji vya Machochwe mahindi yakianza kukomaa. Jioni, familia inagawana kazi. Wanawake na watoto wanabaki nyumbani, baba na vijana wanakwenda kwenye kibanda cha miti kilichoinuliwa pembezoni mwa shamba. Wanabeba tochi zenye mwanga mkali, mabati ya kupiga, filimbi na blanketi. Kwenye uzio zimefungwa kamba zilizopakwa pilipili iliyosagwa na oili chafu, na mahali pengine mizinga ya nyuki, kwa sababu tembo anaogopa nyuki. Tembo anakuja usiku wa manane bila kelele kabisa, na mara nyingi unasikia mahindi yakivunjika kabla ya kumuona. Kundi dogo linamaliza ekari kwa saa chache. Asubuhi ofisa wa wanyamapori wa wilaya anakuja na fomu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao, kisichozidi ekari tano, na kifuta machozi cha shilingi milioni moja kwa mtu aliyeuawa. Hata jina lenyewe linasema ukweli: hiyo haikuhesabiwa kuwa fidia. Mtoto aliyekesha shambani anasinzia darasani, na mwalimu anayeandika matokeo ya shule hana safu ya kuandika tembo.

Pamoja na hayo, Serengeti imejaribu kuufanya uhifadhi ulipe. Vijiji vitano, Robanda, Natta-Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti, viliunganisha ardhi yao kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, na mapato ya kambi za watalii yamejenga madarasa, nyumba za walimu na kulipia karo. Mji wa Mugumu unakunywa maji ya bwawa la Manchira, mradi uliochukua miaka mingi hadi watu wakakaribia kuukatia tamaa. Kwa miaka mingi pia Hospitali Teule ya Nyerere, ya Kanisa la Mennonite, ndiyo iliyokuwa hospitali ya wilaya yote. Barabara ndiyo imekuwa donda. Ndoto ya kuunganisha Mugumu na Loliondo kwa lami kupitia kaskazini mwa hifadhi ilipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki, na Juni 2014 mahakama ikaizuia lami ndani ya hifadhi. Nakubaliana na hukumu hiyo. Lakini yeyote aliyefurahia ana deni la kuona kwamba barabara za nje ya hifadhi, kutoka Musoma kupitia Natta, na kutoka Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu, zinakamilika kwa lami bila visingizio.

Siwezi kuandika historia hii nikaruka suala la wasichana. Katika koo nyingi za pande zote mbili, Desemba ilikuwa mwezi wa kukeketa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kwa muda mrefu ilibaki kwenye karatasi. Mabadiliko yalianza pale watu wa hapa hapa walipoamua. Kituo cha Masanga, Tarime, kilianza kuwapokea wasichana wakati wa msimu na kuwafundisha hadi hatari ipite. Mwaka 2014 Rhobi Samwelly aliongoza kuanzishwa kwa Nyumba Salama mjini Mugumu, na wasichana wakaanza kukimbilia huko, wengine kwa miguu usiku kucha kupita porini. Ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri, madawati ya jinsia ya polisi, viongozi wa dini na baadhi ya wazee wa mila wakaingia kazini. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 28. Inashuka, na inashuka polepole mno. Diwani anayekaa kimya Desemba kwa kuogopa kura za wazee hastahili kuitwa mwakilishi wa watu, kwa sababu nusu ya watu wake ni wanawake.

Kwenye siasa Tarime haikuwahi kulala. Mwaka 2005 ilimchagua Chacha Wangwe wa CHADEMA kuwa mbunge, na ikawa miongoni mwa halmashauri chache za bara zilizoongozwa na upinzani. Wangwe alifariki katika ajali ya gari huko Dodoma mwezi Julai 2008, na uchaguzi mdogo wa Oktoba mwaka huo ulifuatiliwa na nchi nzima. Tangu hapo viti vimekwenda huku na huko. Kilichobaki ni tabia ya wananchi kujaza mikutano ya hadhara na kumsikiliza kila mtu kabla ya kuamua, na tabia hiyo ni ya zamani kuliko chama chochote.

Naandika haya nikiwa na wasiwasi mmoja wa vitendo. Waliokuwa madiwani mwaka 1984 ni wazee sasa, na wachache ndio waliobaki. Mihtasari ya vikao vya miaka ile imehamishwa kutoka ofisi hadi ofisi, kutoka Tarime mjini hadi Nyamwaga, na karatasi hazipendi safari wala mchwa. Wakurugenzi wa halmashauri zote mbili watenge fungu, hata dogo, katika bajeti ijayo: wakusanye mihtasari hiyo, waipige picha na kuihifadhi, wawatume walimu wa historia na wanafunzi wao wakawarekodi wazee hao kwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na Kiswahili, na nakala ziwekwe katika maktaba za shule za sekondari Tarime na Mugumu. Na wewe msomaji, kama baba yako au shangazi yako alikaa kwenye baraza lile, mpigie simu wiki hii umuulize.